Kura Nne za Nyumba ya Zenelaj

12 Machi

Mimi Hodo Zenelaj nina miaka themanini na moja. Nimeuona mwisho wa utawala wa chama kimoja, na mwisho wa vyama kadhaa vilivyokuja kukila kile kikubwa. Nimewazika ndugu zangu wote, nyumbu wawili wasio na mfano, na mke wangu Nafije, Mungu amlaze pema. Zile kampuni za kitapeli zilizomeza akiba ya nchi nzima nimeziona zikija na zikifa. Madaktari watatu waliniambia niache raki, pombe yetu kali. Wote watatu wako chini ya udongo, raki ipo mezani.

Naandika mwenyewe. Kusoma nilifundishwa jeshini. Mkono wangu ni mzito, lakini ninachoandika husimama.

Naishi kwa mwanangu Astrit, upande huu wa mpaka, Ugiriki, kwenye tambarare ya mto Nestos. Astrit hupakia masanduku ghalani. Mkewe Ermira hukata asparaga shambani, na binti yao Sidorela humfuata siku asizokuwa chuoni. Asparaga ni vichipukizi vyeupe, hukatwa vikiwa bado ndani ya tuta kabla havijaliona jua. Vikiliona hubadilika rangi, na tajiri havitaki tena. Msimu ni kuanzia sasa hadi Mei.

Mwaka jana nilitaka kuwaonyesha namna ya kushika kile kisu kirefu, nikaanguka kifudifudi juu ya tuta. Mwaka huu nimeambiwa nikae nyumbani nilinde jiko. Nilinde jiko! Mimi niliyekuwa mkuu wa kikosi cha kazi katika shamba la ushirika la kijiji chetu, Bregas, kikosi kilichoongoza wilaya kwa mahindi.

15 Machi

Mvua. Wamerudi na tope hadi magotini. Nimepika maharage. Yamesifiwa.

19 Machi

Leo nimekwenda mgahawani kwa Thanasis, ambako watu wetu wote hukutana wakitoka shambani. Nimemkuta mkamwana wangu amekaa meza ya katikati, meza ya wanaume, simu mkononi, na wanaume wamepanga foleni mbele yake kama mbele ya karani. Nikaona haya. Kwetu mke wa mtu haingii mgahawani isipokuwa kumwita mumewe kuna msiba.

Kumbe anawaandikisha kupiga kura ya bunge la nyumbani. Sheria ni mpya. Miaka yote, aliyeko nje akitaka kuchagua ilimpasa apande basi hadi kwao, na tajiri wa asparaga hatoi ruhusa mwezi wa Mei hata kwa mazishi. Au apande basi la chama, ambalo humpakia yule tu anayejulikana atampigia nani. Mwaka huu karatasi itakuja hadi mlangoni. Unaijaza, unairudisha, na inahesabiwa pamoja na za mkoa wako wa nyumbani. Lakini sharti ujiandikishe kwa simu, na wanaume hawa wanaojua kuezeka paa la kanisa hawajui wabonyeze wapi.

Llambi, fundi paa, mdomo wake kama mkasi, akasema, "Ermira, dada yangu, mtu akihama mtaa haendi kumchagulia jirani wa zamani mapazia. Tuliondoka. Tuwaachie wenyewe."

Ermira hakuinua macho. "Mama yako naye amehama, Llambi?"

"Mama yuko kijijini."

"Akiugua, nani humlipia gari hadi mjini?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Basi bado unaishi kule, ila hulali. Lete kitambulisho."

Watu wakacheka, na Llambi akatoa kitambulisho. Nami nilicheka, nikavimba kifua kidogo. Ni mkamwana wangu huyo.

22 Machi

Mgongo. Sikutoka.

26 Machi

Leo amenipigia simu Bajram kutoka Bregas. Tangu enzi za ushirika Bajram hajawahi kukosa kiti. Vyama hubadilika, kiti ni kilekile. Sasa ni mtu wa chama kikubwa pale wilayani.

"Mkuu wa Kikosi!" akasema. Niliposikia hivyo nilisimama. Wallahi nilisimama peke yangu jikoni. Hakuna aliyeniita hivyo tangu ushirika uvunjwe na watu wabebe vigae vya ghala migongoni mwao. Hapa mimi ni "babu", na kwa Thanasis mimi ni "yule mzee wa Astrit".

"Mkuu, nyumba yako ina kura ngapi huko?"

"Nne."

"Unatupa besa?"

Besa ni neno la kiapo. Kwetu mtu hufa nalo, halivunjwi. Nikasema, "Nimekupa besa. Nyumba ya Zenelaj haijawahi kugawanyika."

"Najua. Wengine nawauliza mara tatu, wewe mara moja."

Leo nitalala vizuri.

2 Aprili

Mvua tena. Matuta mawili yamebomoka. Ermira mkono umevimba kwa kisu.

4 Aprili

Wakati wa chakula Ermira amesema habari za mgombea wake. Ni Sanije, yule muuguzi wa bondeni kwao. Serikali ilipofunga zahanati, Sanije aliendelea kupanda mlima na mfuko wake, bila mshahara wa kueleweka. Mwaka huu amesimama peke yake, hana chama. Watu humcheka, wanasema ataenda bungeni kupima presha.

"Mama yangu anamwona kila wiki," Ermira akasema. "Kuliko anavyoniona mimi."

Nikamwambia, mtu bila chama ni kama kengele bila mbuzi. Akatabasamu, akaniongezea mtindi. Ni mwanamke mwenye adabu. Miaka ishirini katika nyumba yangu hajawahi kunijibu.

8 Aprili

Siku kubwa. Nitaandika yote.

Wameondoka alfajiri wote watatu. Mvua ya kumwagwa. Mtu wa vifurushi akaja na gari lake dogo, bahasha nne kubwa zimefunikwa nailoni. Akauliza wenyewe wako wapi. Nikamwambia mwenyewe wa nyumba ni mimi. Alikuwa analowa. Akanipa kalamu, nikatia sahihi mara nne, Zenelaj, Zenelaj, Zenelaj, Zenelaj, kila moja nzuri kuliko iliyotangulia.

Nikaziweka mezani. Nikanawa. Nikavaa koti langu la harusi.

Zamani, uchaguzi ulikuwa uchaguzi. Kijiji kilianza kabla jua halijachomoza, zumari na ngoma barabarani, kila mtu na nguo safi, na mkuu wa kikosi akipita nyumba kwa nyumba kuwaletea karatasi wagonjwa na vikongwe. Kijiji kilichomaliza mapema kilitajwa redioni. Bregas ilitajwa! Watu walikuwa hawajanywa hata kahawa na sisi tumeshamaliza, na kazi hiyo niliifanya mimi. Vikongwe niliwashika mkono, karatasi ikaingia sandukuni. Hakuna aliyelalamika.

Nikafungua bahasha. Ndani ya kila moja kuna karatasi ya kura ndefu kama taulo, bahasha ndogo isiyo na jina, na bahasha kubwa yenye jina na mahali pa sahihi. Nikaweka alama kwa mtu wa Bajram mara nne.

Hapo nikafikiri. Bahasha nne za nini? Kwetu nyumba huhesabiwa kwa moshi. Moshi mmoja, nyumba moja. Nyumba yenye moshi mmoja ikisema kwa bahasha nne, huko watakakofungua watasema, ah, kina Zenelaj wamegawana mali, mkamwana ana lake na mwana ana lake. Aibu hiyo siipeleki mbele za watu. Nikakunja karatasi zote nne pamoja, nikazitia kwenye bahasha ndogo moja, na hiyo ndogo kwenye ile kubwa yenye jina langu, mkubwa wa nyumba. Zilizobaki nikazitia jikoni, zikawaka vizuri, maana karatasi ni nzito.

Mvua ikapungua. Nikapanda baiskeli hadi mjini kwenye duka la vifurushi, nikaituma. Themanini na moja, na baiskeli!

Kisha nikampigia Bajram. "Nyumba ya Zenelaj imemaliza."

"Mkuu! Ya kwanza Ugiriki nzima!"

Jioni nitawaambia wakishashiba.

8 Aprili, baadaye

Sikuwaambia.

Ermira aliingia ameloa, akakaa karibu na jiko bila kuvua buti, akasema, "Kwa kina Llambi bahasha zimefika leo. Zetu hazikosi kuja kesho." Kisha akamwambia Sidorela, "Zikija, mezani hakai mtu zaidi ya mmoja. Wengine tunatoka nje, hata babu. Kila mtu na yake."

Sidorela akauliza, "Na baba akikuuliza umempigia nani?"

"Atauliza. Sitamwambia." Akacheka kama msichana. Astrit naye akacheka.

Sijawahi kumsikia akicheka hivyo katika nyumba yangu. Nikasema nimechoka, nikaenda kulala na koti langu.

9 Aprili

Ermira ameuliza kama posta imekuja. Nimesema hapana.

10 Aprili

Ameuliza. Nimesema hapana.

11 Aprili

Jua. Asparaga zinachipuka mbio, wanakata tangu kiza hadi kiza. Amerudi hawezi kunyoosha mgongo, na bado aliuliza kabla ya kuketi. Nikasema, "Mimi ni mlinzi wa posta?" Akasema, "Samahani, baba." Aliniomba samahani. Yeye, mimi.

14 Aprili

Leo nimejua mwanaume anaweza kuwa na miaka themanini na moja na asiwe na mahali pa kuweka macho.

Bajram hakunyamaza. Amejigamba Bregas nzima kwamba nyumba ya Hodo imeshatoa kura zote nne kwa chama kikubwa. Bregas ikapiga simu huku. Llambi alikuwa anamngoja Ermira mlangoni kwa Thanasis. Nilikuwa nimekaa pembeni na kahawa yangu, nimesikia kila neno.

"Dada muuguzi!" akamwita kwa sauti. "Sisi unatuambia Sanije, Sanije, na za nyumbani kwako umeshawapa wakubwa. Wamekupa nini? Kazi ya ofisini?"

"Bahasha zetu hazijafika, Llambi."

"Hazijafika! Kijiji kizima kinajua zimerudi."

"Nakuapia kichwa cha binti yangu."

"Usiape. Angalia simu yako. Si wewe uliyetufundisha kuangalia kifurushi kilipo?"

Akaangalia. Niliuona uso wake ukibadilika. Simu ilisema bahasha zimepokelewa, zimesainiwa na Zenelaj.

Fatos, mtu mpole, ambaye bahasha yake ilikuwa mezani mbele ya Ermira ili amsaidie nakala ya kitambulisho, akanyoosha mkono polepole akaivuta, akaitia ndani ya koti. Na mwingine akafanya hivyo. Na mwingine.

Ermira alinigeukia. Hakuuliza. Angeniulizaje? Haikumpitia akilini. Alisema tu, "Baba, twende nyumbani," akanishika mkono kunivusha barabara.

Nilivushwa.

15 Aprili

Wanaume wa jina hilo nyumbani humu ni wawili. Ermira amemshuku Astrit.

Nimekaa chumbani nikisikiliza ukutani kama mwizi. Astrit anasema, "Mke wangu, sijaziona kwa macho yangu." Ermira anasema, "Bajram ni rafiki wa nani? Wa ukoo wenu. Umeona haya kumkatalia. Sema tu." Astrit akapandisha sauti, kitu ambacho hafanyi. Mlango ukabamizwa. Astrit amelala ghalani, juu ya masanduku.

Nami ningeweza kusema kwa neno moja. Nilikuwa na neno hilo kinywani kama jino bovu. Sikulitoa. Nilijiambia wataelewana, ni vijana.

16 Aprili

Hakuna aliyekuja kwa Ermira mgahawani. Alikaa meza ya katikati peke yake na kahawa ikapoa. Thanasis, ambaye ni Mgiriki na hayamhusu, alimpelekea kipande cha keki. Hiyo iliniuma zaidi.

Fatos anasema hatatuma yake, nani ajue zinakwenda wapi. Wengine wanasema vivyo hivyo. Kutoka hapa hadi Tirana, mji wetu mkuu zinakopokelewa, ni siku kadhaa, na zikichelewa hazihesabiwi.

17 Aprili

Mvua. Leo alisahau kuuliza posta. Nilikuwa nimeshazoea kusema hapana, na neno likabaki bila kazi.

Nimetazama buti zake mlangoni. Ya kushoto imepasuka kwenye kisigino, ameifunga kwa mkanda wa mafundi umeme. Mimi nina buti nzima, sizitumii. Miaka hii yote tangu nije sijawahi kutazama buti za mtu.

18 Aprili

Sidorela amekuja kukaa kitandani kwangu. "Babu, ilikuwa iwe kura yangu ya kwanza. Nilishanyoa hata nyusi." Alitaka nicheke. Kisha akasema, "Unadhani ni baba?"

Nikasema, "Baba yako hajui hata kudanganya nesi anayempiga sindano."

"Basi nani?"

Nikamwambia ajiendee akasome. Akaniangalia. Ana macho ya Nafije huyu mtoto. Akatoka bila kufunga mlango.

21 Aprili

Jana ilikuwa Pasaka ya Wagiriki, na leo pia mashamba yamefungwa. Watu wetu, Waislamu na Wakristo, wote hujaa kwa Thanasis siku hii, maana yeye huchinja na kugawa mayai mekundu bure.

Asubuhi nilinyoa. Nilivaa koti. Nikamwambia Ermira, "Mwanangu, twende wote mgahawani. Na Astrit mwite." Akasema hana uso wa kwenda huko. Nikasema, "Anayepaswa kukosa uso si wewe." Hakuelewa, lakini akaja, kwa adabu ileile, na Astrit nyuma yake.

Watu walipomwona wakateremsha sauti. Llambi akaanza, "Karibu, mheshimiwa..."

Nikagonga meza kwa kiganja. "Llambi, funga mkasi wako. Mimi ndiye."

"Wewe ndiye nini, mzee?"

"Mimi nilipokea bahasha. Mimi nilitia sahihi. Mimi nilijaza zote nne, ya mwanangu, ya mkamwana wangu na ya mjukuu wangu, nikatuma kwa baiskeli. Wao hawajaziona hata karatasi. Huyu mwanamke ameapa kweli, nami nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti kile, nikamwacha aape."

Nilidhani watanitupia maneno. Hawakutupa. Llambi alinitazama kama mtu aliyeona ngazi ikiteleza chini ya mwenzake. Akasema taratibu, "Ee Hodo. Ee Hodo."

Astrit akasema, "Basi, ni baba. Alitaka mema. Yamekwisha, jamani, tukae tule."

Hapo Ermira akasimama. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mumewe. "Hayajaisha. Nikiwa msichana, baba yangu alinisemea. Nikaolewa, baba yako akanisemea, nikanyamaza, ndiyo desturi, sikuona vibaya. Nikaja huku nikasemewa na tajiri. Nimeinama kwenye matuta ya watu miaka kumi na tisa. Nikasikia kuna karatasi moja inakuja yenye jina langu. Moja, Astrit. Sikutaka nyingine."

Kisha akanigeukia. "Na mimi nilikuvusha barabara."

Aliniambia hivyo tu. Hakuniita baba.

Nilikaa, nikatazama meza. Sijui muda uliopita. Nilipoinua macho, Fatos alikuwa amesimama mbele ya meza ya Ermira, kofia mkononi, ile bahasha ameitoa kwenye koti imekunjamana. "Dada, naweza bado?" Ermira akaifuta kwa kiganja, akainyoosha. "Kesho asubuhi iwe dukani. Usinipe mimi, peleka mwenyewe kwa mkono wako." Nyuma ya Fatos wakaja wengine. Llambi alikuwa wa mwisho, hakusema mzaha.

Mayai mekundu yalibaki kwenye sinia langu.

23 Aprili

Astrit amerudi kulala nyumbani.

26 Aprili

Wapo ambao hawakutuma. Walikuwa wameshachana karatasi zao kwa hasira siku zile saba nilizonyamaza. Hao siwezi kuwarudishia.

29 Aprili

Kahawa yangu huja kila asubuhi kama zamani. Zamani Ermira aliileta, akaweka mkono kifuani, akangoja nionje. Sasa ninaikuta mezani. Ina sukari sawasawa. Afadhali angesahau sukari.

3 Mei

Nilimwomba Sidorela apige simu Tirana, kwa watu wa uchaguzi. Nilitaka wazitoe zile tatu na kuwapa wenyewe nafasi. Nilikuwa tayari kupanda basi, kuapa, kufungwa. Akaweka simu ili wote tusikie.

Mwanamke wa upande wa pili alisikiliza vizuri, akauliza, "Mzee, unasema karatasi nne ziko ndani ya bahasha moja?"

"Ndiyo. Nyumba ni moja."

Nilisikia akikohoa ili asicheke. "Bahasha moja ni kura moja, mzee wangu. Ikifunguliwa ikutwe na nne, zote ni batili. Haihesabiwi hata moja."

"Hata yangu?"

"Hata yako. Na hao wengine, kwa majina yao karatasi zimeshatoka, wamesaini kupokea. Hatuwezi kutoa mara ya pili."

"Hawakusaini wao."

"Basi hilo ni kosa la jinai, mzee. Unataka niandike?"

Nikasema andika. Sidorela akakata simu. Nikamfokea kwa nini. Akasema, "Babu, mama alinikataza. Alisema hataki polisi juu ya mvi zako." Ermira alikuwa mlangoni na ndoo. Akaenda zake kumwaga maji.

Kwa hiyo sikuwa nimempa hata Bajram. Besa niliivunja vilevile. Niliwaibia watu watatu sauti zao, na nilipozibeba sikufika nazo popote.

8 Mei

Asparaga zinakaribia kwisha. Nyembamba kama penseli.

11 Mei

Leo ndiyo uchaguzi wenyewe. Wamekwenda kazini kama kawaida.

14 Mei

Sanije hakupita. Amepata watu kuliko walivyodhani waliomcheka, ila hakupita. Ermira alisoma kwenye simu akiwa amesimama, akaiweka mfukoni, akauliza nani anataka byrek, pai yetu ya matabaka. Hakuna aliyekuwa na njaa. Alikanda unga hivyo hivyo, akautandaza tabaka kwa tabaka hadi meza nzima ikajaa.

15 Mei

Bajram amepiga. Alishajua, mtu wake kwenye meza ya kuhesabia kura alikuwa amemwambia habari za bahasha iliyotoka karatasi nne, watu wakashika mbavu.

"Mkuu wa Kikosi, umetuangusha! Mtu mzima, hujui bahasha?"

Nikamwambia, "Bajram, usiniite hivyo. Nilikuuzia kitu kisicho changu, kwa jina hilo tu ulilonipa. Ingekuwa kwa pesa ningesema nilikuwa na njaa."

"Unaongea kama mke wa mwanao."

"Wapi. Siwezi kusema vizuri kama yeye."

Nikakata. Nimekata simu ya Bajram! Nilifurahi kidogo, kisha nikakumbuka sina cha kufurahia.

19 Mei

Juzi nilikwenda mjini kwa basi, nikanunua buti za kike. Nikaziweka mlangoni. Jioni nikazikuta zimepangwa vizuri, hazijavaliwa. Asubuhi yake Ermira alitoka na zilezile zenye mkanda wa umeme.

22 Mei

Wamekunja nailoni nyeusi ya matuta. Msimu umekwisha.

Ermira amekuja chumbani, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu Pasaka. Hakukaa. Alisema, "Nimebadilisha anwani ya posta. Barua zangu zote, na bahasha za uchaguzi ujao, zitakwenda kwa Thanasis. Za Sidorela pia. Nimeona vyema ujue kwangu, usije ukasikia kwa watu."

Mgeni mwuza kahawa, mtu wa dini nyingine na taifa jingine, anaaminiwa barua za nyumba yangu, na mimi ambaye moshi ni wangu siaminiwi. Maneno yalikuja mengi. Ningemwambia kwamba bila nyumba hii yeye ni nani. Nimeyasikia yakija kutoka mbali, kwa sauti ya Bajram.

Nikasema, "Umefanya vizuri."

Akangoja kidogo, labda alidhani nina zaidi. Kisha akasema, "Miaka minne si mingi."

"Mimi nitakuwa nimekufa."

"Wewe?" akasema. "Umewazika madaktari watatu." Alitoka, na sikuona kama alitabasamu, kwa hiyo sitaandika kwamba alitabasamu.

24 Mei

Naufunga msimu hapa. Asije mtu akasema Hodo Zenelaj ameongeza chumvi, au ameipunguza pale palipomuuma. Kuhusu bahasha na sahihi, muulizeni mtu wa vifurushi, anazo zote nne. Kuhusu niliyosema siku ya mayai, Llambi fundi paa yupo, na mdomo wake hautaniachia hata nukta. Fatos yupo. Thanasis alisikia, ingawa kwa lugha yetu anajua matusi na bei tu. Mwanangu Astrit yupo, na mjukuu wangu Sidorela ni mtu mzima, ana umri wa kupiga kura.

Ermira alikuwepo kwa yote. Yeye simtaji kuwa shahidi wangu. Akitaka kusema, atasema mwenyewe.